Robi Alivyopotea Uwanjani Morotonga

Kijiwe cha kahawa cha Wegesa kipo Nyakunguru pale barabara inapogawanyika, mkono mmoja ukipanda shuleni na mwingine ukishuka mwaloni wanakooshea dhahabu. Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya vyuma viwili vya karasha lililokufa, na kwa kuwa karasha jingine, zima, linasaga mawe ya dhahabu ng'ambo ya barabara kutwa nzima, wanaokaa hapo wamezoea kuongea kama wanamwita mtu aliye mlima wa pili. Tangu rashi ya dhahabu ianze, na huu ni mwaka wa tatu, kila mwanamume wa kijiji amegeuka mchimbaji, na kila mchimbaji ambaye duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, halijatoa kitu amegeuka mchambuzi. Wanachambua bei ya gramu, ndoa za watu na mvua. Jumanne hiyo walikuwa wanachambua mbio za nyika, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuziona.

Mwikwabe aliketi mwisho kabisa wa benchi, kikombe kikiwa kimejaa. Angependa asije, lakini kutokuja kungekuwa vibaya zaidi, maana hapo wangemchambua bila yeye kuwepo. Mwanaye Robi, binti wa miaka kumi na sita, alikuwa amekwenda na klabu yao ya mbio Morotonga, wilaya ya Serengeti, kwenye ligi ya vijana. Walikwenda watoto kumi na mmoja. Jumamosi ya mbio hizo benchi zima lilikuwa linafuatilia kwa simu ya Okal, ambaye shemeji yake alisimama pembeni ya uwanja akisimulia kila hatua. Shemeji akasema Robi anaongoza, wa pili haonekani hata vumbi lake. Mwikwabe akasimama na kumwambia Wegesa awape watu wote kahawa, birika nzima, kwa hesabu yake. Watu wakanywa. Dakika kumi baadaye shemeji akasema kwa sauti ya mtu aliyefiwa kwamba wakimbiaji wanarudi, ila Robi hayumo.

Alimaliza wa thelathini na moja. Jioni alipofika nyumbani baba yake alimwuliza kulikoni, naye akajibu maneno mawili, "Nilipotea, baba," kisha akachukua ndoo akaenda kisimani. Tangu siku hiyo hakuongeza neno.

Sasa mbio za pili za ligi zilikuwa Jumamosi inayofuata, Kisaka, na mwalimu wa klabu alikuwa anapita asubuhi hiyohiyo ya Jumanne kuchukua sahihi za wazazi. Bila sahihi ya Mwikwabe, Robi angetolewa kwenye ligi, na Jumamosi angekuwa mwaloni na shangazi zake, karai mkononi. Mwikwabe mwenyewe alikuwa hajui afanye nini, na hilo ndilo lililokuwa linamkera kuliko yote.

— Kama alichoka, ningesaini, alisema. Kama aliumia, ningesaini bila hata kusoma. Lakini mtoto mwenye akili zake anapoteaje uwanjani, mchana, watu mia mbili wanamwangalia?

— Viatu, alisema Injinia.

Injinia jina lake Nyangwine. Uinjinia aliupata siku alipoweza kuwasha pampu ya maji iliyowashinda watu watatu, na tangu hapo hajaweza kuiwasha tena. Alieleza kwamba klabu ilimpa Robi viatu vyenye meno ya chuma, wakati mguu wake umekulia kwenye kandambili. Mguu ukishtuka, alisema, damu inapanda kichwani, na kichwa kikijaa damu macho yanaona mara mbili. Mtoto aliona njia mbili akachagua ile ambayo haipo.

— Watoto wote kumi na mmoja walivaa viatu hivyo, alisema Mwikwabe.

— Ndiyo, lakini yeye alikuwa anakimbia sana. Damu ilipanda haraka.

Okal alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Huyu ndiye anayeitwa Sirari hapo kijiweni, kwa sababu anauza viatu vya mtumba kutoka mpakani na ana ndugu ng'ambo zote mbili, hivyo jambo lolote likitokea Nyakunguru, lilishatokea Kenya kwanza tena kwa ukubwa.

— Omera, ndugu yangu, hiyo si viatu, alisema. Huyo mtoto amechezwa. Kwani nyinyi hamjui? Huko Migori kuna watu wanalipwa kukimbia wasishinde. Anatoka mbele mbio, wewe unamfuata, halafu anaingia kando anaketi. Kazi yake imeisha. Unabaki hapo peke yako kama mjinga.

— Robi hakuwa anamfuata mtu, alisema Mwikwabe. Alikuwa wa kwanza.

— Si ndio hapo sasa. Huyo mtu alikuwa mbele ya wa kwanza.

Injinia alitaka kujua mtu anawezaje kuwa mbele ya wa kwanza bila kuwa wa kwanza. Sirari akajibu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu, hata shemeji yake hakumwona, na kutokuonekana kwake ndio ushahidi wenyewe kwamba alikuwepo.

Mwikwabe alimtazama kwa uchungu kidogo, maana sekunde moja alikuwa ametamani kuamini. Kama kulikuwa na mtu, basi binti yake alihujumiwa, na mzazi wa aliyehujumiwa anasaini akiwa ameinua kichwa. Lakini hakuwa mjinga kiasi hicho, angalau si mbele ya watu.

Hapo Mheshimiwa akakohoa. Aligombea uenyekiti wa kitongoji mara mbili akashindwa mara mbili, ila heshima alibaki nayo, na akikohoa watu hunyamaza. Alianza mbali, kama kawaida yake. Alisema mtoto wa Nyakunguru amezaliwa juu ya dhahabu. Amelala juu yake, ameota meno juu yake. Mwili wake umezoea kuvutwa na madini kutoka chini, usiku na mchana, bila yeye mwenyewe kujua.

— Sasa mchukue huyo mtoto, alisema, umpeleke Morotonga. Kule chini kuna nini? Udongo mtupu. Mahindi. Mwili unatafuta kile kinachouvuta, haukioni. Dira ya kichwani inazunguka, na mtoto anaondoka zake.

— Dhahabu haivutwi na sumaku, alisema Injinia. Hiyo nimejaribu mwenyewe.

— Sikusema sumaku. Nimesema mvuto. Jumamosi mtieni jiwe mfukoni kutoka hapa hapa kwetu, kila mfuko moja. Mtaona.

Sirari alisema jiwe moja halitoshi, kule hata nyumbu wakipita wanaacha njia ardhini ambayo mguu wa binadamu hauwezi kukataa kuifuata. Alikuwa na binamu aliyetoka kwenda dukani kununua chumvi akajikuta na kundi la nyumbu, alipokuja kuzinduka ameshavuka mto. Injinia aliuliza chumvi ilikuwaje. Wegesa, aliyekuwa anapepea mkaa tangu asubuhi bila kusema neno, aliuliza kama kuna yeyote aliyemwuliza Robi mwenyewe vizuri, kwa utulivu. Hakuna aliyemsikia, karasha lilikuwa limepandisha sauti.

— Mimi nitakwambia tatizo ni nini, tata, alisema Mheshimiwa, akimgeukia Mwikwabe kwa huruma nzito. Tatizo ni malezi. Si ya Robi peke yake, ya hiyo klabu nzima. Kila asubuhi wanapita hapa kumi na mmoja, mbele ya wazee, hakuna hata mmoja anayesema shikamoo. Vichwa chini, wanatupita kama visiki. Mtoto asiyeona wazee ataona njia?

Hilo lilimchoma Mwikwabe, kwa sababu lilikuwa kweli. Robi alikuwa anampita hata yeye baba yake. Aliona aibu, na kwenye aibu ile akaona bora akatae. Mtoto akae nyumbani, ajifunze kwanza kusalimia, mbio baadaye. Alishaanza kutafuta maneno ya kumwambia mwalimu.

Mwalimu mwenyewe akatokea wakati huohuo, akishuka kwenye pikipiki. Felista alikuwa binti wa watu wa Kisaka, mwaka wake wa kwanza Nyakunguru, mwembamba, miwani usoni na filimbi shingoni.

— Shikamooni.

— Marahaba, waliitika wote wanne, wakamsogezea nafasi ambayo hakuikalia.

Alitoa karatasi na kalamu. Mwikwabe hakuzipokea. Alimwambia, kwa sauti ile ya kushindana na karasha, kwamba kwanza anataka kujua mwanaye alipoteaje, maana yeye kama mzazi hawezi kumtuma mtoto akaaibishe kijiji mara ya pili.

— Hata mimi nilitaka kujua, baba Robi, alisema Felista. Ndiyo maana mbio zilipoisha nilimrudisha pale pale, tukaizunguka njia yote kwa miguu, mimi na yeye.

Akaeleza. Mwisho wa uwanja kulikuwa na mlingoti mrefu kuliko mtu, una bendera nyekundu, na pale ndipo wakimbiaji walitakiwa kukata kushoto. Robi alipita karibu nao kiasi cha kuugusa, akanyoosha moja kwa moja hadi kijitoni. Hakuiona bendera kwa sababu alikuwa anatazama chini. Wote kumi na mmoja wanakimbia hivyo, hakuna anayeinua macho kutoka ardhini. Kumi walipona kwa kuwa mbele yao kulikuwa na visigino vya mtu wa kufuata.

— Robi hakuwa na visigino vya kufuata, alisema. Alipotea kwa sababu alikuwa wa kwanza.

Benchi lilipima habari hiyo, kisha likaipenda. Sirari alipiga paja akasema si alisema, ni mambo ya nani yuko mbele. Mheshimiwa alimpongeza mwalimu kwa uchunguzi. Furaha ya Mwikwabe ilikuwa kubwa hata akaiona kahawa yake kwa mara ya kwanza na kuinywa yote, ikiwa imepoa. Mtoto wake hakuwa mvivu wala mwoga, na madharau hakuwa nayo. Alikuwa wa kwanza. Akachukua kalamu, akaweka karatasi juu ya goti na kusaini jina lake refu lote, pamoja na la babu.

Felista aliikunja karatasi lakini hakuondoka.

— Nina siku nne za kumfundisha kuinua kichwa, alisema. Nimemwambia ainue, hataki. Ananiambia, mwalimu, nikiinua kichwa nitatumbukia. Na ni kweli. Ile njia yetu ya mazoezi imejaa mashimo ya kuchimbia dhahabu yaliyoachwa wazi. Wamejifunza kukimbia humo miaka hii yote mitatu. Baya zaidi ni lile jipya nyuma ya shule, pale njia inapokata kona. Naomba mwenyewe alifukie, nipate hata kipande kimoja cha njia. Wazee wangu, lile duara ni la nani?

Injinia alianza kuangalia ndani ya kikombe chake. Sirari alikumbuka kwamba ana mzigo wa viatu, lakini hakusimama. Mheshimiwa alikohoa, na watu wakanyamaza kama kawaida, ila safari hii hakufuatisha neno. Baadaye kidogo alisema suala hilo ni zito, lingepelekwa kwenye kikao cha kitongoji. Felista alishukuru. Alisubiri kidogo, akawatazama mmoja mmoja, kisha akasema shikamooni tena, japo alishasema, akapanda pikipiki akaenda kutafuta wazazi wengine.

— Mnajua, alisema Sirari pikipiki ilipopotea, hilo duara linaweza kuwa limechimbwa na watu wa Kisaka. Ili watoto wetu wazoee kutazama chini.

— Usiku usiku, alisema Injinia haraka.

— Huyu mwalimu naye si wa Kisaka? aliuliza Mheshimiwa.

Ikawa nafuu kwa wote. Walishaanza kukubaliana pikipiki za Kisaka zilipita njia gani, na Mwikwabe akajikuta anatikisa kichwa pamoja nao. Lilikuwa jambo zuri, lina ushahidi, lingeweza kuwatosha mpaka Ijumaa. Halafu akamwona Robi akilini mwake, macho ardhini, akiupita mlingoti wa bendera akiwa peke yake, akinyoosha kwenda kijitoni na mbele yake hakuna mtu.

— Ni langu, alisema.

Kwa kuwa karasha lilikuwa linanguruma, alilazimika kusema mara ya pili.

— Lile duara la nyuma ya shule ni langu. Nilichimba baada ya Pasaka, nikakuta maji, nikaliacha.

Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimwumiza kuliko lawama. Alisimama. Sepeto la Injinia lilikuwa limeegemea ubao, akalichukua.

— Naazima mpaka jioni.

Injinia alilishika mpini upande wa pili, si kwa nguvu, lakini alilishika.

— Sikia, mura. Lako fukia. Ila hatua tano mbele kuna jingine, hilo usiliguse. Ni langu. Mimi lile bado nina matumaini nalo.

— Na mimi nina matumaini na Robi, alisema Mwikwabe.

Injinia aliachia mpini. Mwikwabe akaweka sepeto begani akapanda barabara ya shule, na watatu waliobaki wakamtazama mpaka alipoipita kona, kila mmoja akijua duara lake mwenyewe liko hatua ngapi kutoka pale. Wegesa alikuja akaanza kukusanya vikombe, hata vile ambavyo vilikuwa havijaisha, na hakuna aliyemzuia.