Mstari kwenye Daftari la Getini

Kijiwe chao pale Chang'ombe kiko upande wa kivuli wa duka la Praful: benchi moja la mbao na birika la Stanley, muuza kahawa. Saa kumi jioni, vumbi likishamjaa kila mtu masikioni, huketi hapo Profesa, aliyewahi kufundisha tuisheni miezi mitatu, na Waziri, ambaye wizara zote anazijua kwa nje tu. Siku hiyo Fabian, mtunza ghala la mahindi kule Nzuguni, aliwatangulia. Aliwapa simu yenye picha ya daftari la getini. Tarehe ilikuwa ya siku hiyo hiyo, na chini yake mstari mmoja: "This time it will be more than a slap on the wrist."

— Kakibao cha kwenye kifundo cha mkono, alisema Profesa. Umekosa kazini, unakaripiwa, yanaisha.

— Sasa mbona jamaa anatetemeka? aliuliza Waziri.

— "More than," Waziri. Safari hii inazidi hapo.

— Basi watamhamishia Kibaigwa akapakie malori.

— Hao wa kumhamisha umewatoa wapi? Tazama sentensi. Kibao kipo, mkono upo, mpigaji hayupo.

Fabian aliinama, akaisoma tena ile sentensi.

— Na kwa nini kwenye kifundo cha mkono? Waziri hakukubali kushindwa. Shavu lipo, mgongo upo. Hiyo ni pingu, ndugu yangu.

— Si pingu, Stanley alidakia akimimina. Hapo ndipo daktari anaposhika akitaka kujua kama bado upo.

Profesa alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha.

Fabian hakuwaambia kwamba mwandiko ule anaujua. Mwezi uliopita mlango wa ghala ulikutwa wazi. Yeye alipewa barua ya karipio. Aliyefukuzwa ni mlinzi, Mzee Kristofa, mwalimu mstaafu wa Kondoa aliyekuwa akijaza daftari lile kwa Kiingereza. Walimzika wiki iliyopita.

Emiliana, binti wa marehemu, alikuja akiwa bado na kitambaa cheusi kichwani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Nimekuja kuwaambia misa ya baba ni Jumamosi.

— Tutakuja. Hebu wewe uliyesoma, tusaidie hapa, Waziri alisema, akampa simu.

Emiliana aliikuza picha kwa vidole viwili.

— Huu mwandiko ni wa baba. Hakuna mwingine anayekata herufi hivi.

— Tarehe ni ya leo, alisema Profesa polepole.

— Naiona. Emiliana alimrudishia Fabian simu yake. Kaka Fabian, kwani ule mlango nani aliuacha wazi?

Stanley alisimama na birika mkononi, asimimine. Profesa na Waziri waligeuka kumtazama Fabian. Jibu alikuwa nalo tangu siku ile: ni yeye. Alijishika kifundo cha mkono, akabonyeza, akatafuta mapigo, asiyapate. Alihamisha kidole, akabonyeza tena.