Mwalimu Balbuena Aiacha Kofia ya Saa Nane

Mkuu wa shule, Bi. Yocasta Marte, alithibitisha Jumatatu, tarehe 23 Juni, kwamba Bi. Confesora Ventura, msimamizi wa zamu katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya hapa Puerto Plata, amefaulu mtihani wa kuzungumza Kiingereza kwa alama 81. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo tu, Mwalimu Milcíades Balbuena atastaafu kweli Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na moja ya kuwafundisha Kiingereza wafanyakazi wa mji huu.

Tunasema "kweli" kwa kuwa ameshastaafu mara mbili. Mwaka 2022 keki ililiwa na hotuba zikasomwa, lakini Jumatatu iliyofuata, saa nane mchana, alikuwa mbele ya ubao uleule, kwa sababu mrithi wake alikuwa amepata kazi ya kupokea simu za wateja wa Marekani. Mwaka 2024 hatukununua keki. Tulifanya vyema, maana mrithi wa pili alidumu wiki tano.

Mwalimu Balbuena alizaliwa Consuelo, kwenye mashamba ya miwa, mwaka 1960. Majirani zake walikuwa familia zilizotoka visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Waingereza kuja kukata miwa, na Kiingereza chake cha kwanza alikiokota uani kwao akisubiri mkate wa nazi uive. Alikuja huku kaskazini mwaka 1983, akabeba mizigo ya wageni hotelini, kisha akahamishiwa mapokezi. Septemba 1994 alijiunga na shule yetu, iliyokuwa na vyumba viwili na feni moja iliyozunguka siku za umeme.

Alipewa darasa la saa nane mchana kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Saa nane, katika mji huu, mtu ameshakula wali wake, maharage na nyama, amefunga dirisha na kulala. Hata mbwa wamelala. Lakini zamu ya asubuhi ya mahoteli huisha saa saba na nusu, basi huwashusha wafanyakazi kwenye kona yetu, na jioni wana watoto wa kulisha au kazi ya pili. Saa nane ndiyo saa pekee waliyokuwa nayo, na waliifikia wakiwa wamechoka. Mwenye kuwafundisha naye alikuwa amechoka. Mkewe, Bi. Tomasina, amesema mara nyingi mbele ya watu: "Nimeolewa miaka thelathini na mitatu, na bado sijui mume wangu anakoroma vipi mchana."

Hakuwahi kudai kwamba darasa lake lilikuwa changamfu. Wapo waliolala. Kanuni yake ilikuwa kwamba aliyelala aachwe dakika kumi, kisha aamshwe kwa swali jepesi. Daftari za shule zinaonyesha kwamba alipokea wanafunzi 2,214, na kwamba 871 walimaliza. Waliobaki waliacha kwa sababu ya zamu, mimba, safari, au kukata tamaa. Mwalimu Balbuena huzitaja namba zote mbili kila anapoulizwa, na huanza na ya pili.

Kwa hesabu yake mwenyewe, somo la kwanza amelifundisha mara tisini na tatu. Ni somo la kuwaeleza watu waliokulia kwenye Kihispania kwamba kwa Kiingereza mtu hana miaka thelathini, kama anavyoweza kuwa na mbuzi thelathini. Yeye mwenyewe ndiye huwa hiyo miaka. Kwamba sentensi haiendi popote bila kumtaja mtendaji, hata kama kila mtu anamjua. Kwamba sifa hutangulia jina, na kwamba neno halisomwi kama lilivyoandikwa wala hakuna wa kulalamikiwa. "Nilianza nikiwa naamini kuna sababu," aliwaambia walimu wenzake mwezi uliopita. "Sasa nawaambia tu: hivyo ndivyo wanavyosema, jamani, tuandike."

Msamiati aliufundisha kwa vyumba: wiki ya bafu, wiki ya jikoni, wiki ya kufulia, maneno arobaini kila wiki. Wanafunzi waliandika maneno kwenye vikaratasi na kuvibandika kazini. Mwaka 2003 meneja wa hoteli moja alileta malalamiko rasmi kwamba milango 112, mabomba yote ya orofa ya pili na pasi sita zilikuwa na vikaratasi, na kwamba mhudumu mmoja wa mezani, Bw. Leocadio Peralta, alikuwa amewapelekea wageni chakula asubuhi nzima akiwa na neno la "mvivu" mgongoni. Mwalimu Balbuena alijibu kwa maandishi kwamba amechunguza, na kwamba neno hilo liliandikwa bila kosa.

Tatizo kubwa, hata hivyo, halikuwa sarufi wala msamiati. Mwaka wake wa pili aligundua kwamba wanafunzi wake bora ndio waliotamka vibaya zaidi, tena kwa makusudi. Kila aliyetamka sawasawa alipigwa vijembe na wenzake. "Haya, shukeni kwenye ndege, Mmarekani amefika." "Jana tulikula ndizi naye, leo ulimi umepata pasipoti." Basi mtu aliyeweza kusema neno vizuri alilivunja kwanza, ili aonekane bado yuko nyumbani.

Siku moja mwaka 1996 aliingia darasani na kofia ya majani iliyosahauliwa na mgeni wa chumba 214. Akamvisha mwanafunzi wa mstari wa mbele na kutangaza sheria ambayo haijabadilika hadi leo. "Aliyevaa kofia si mwenzenu. Ni mgeni wa 214. Mgeni anachekwa?"

Hakuna aliyecheka. Watu wa mahoteli hufunzwa tangu siku ya kwanza kwamba mgeni hachekwi, hata akiingia kwenye bwawa na viatu. Kuanzia siku hiyo kila aliyesimama kuzungumza alivaa kofia, akatamka kadiri alivyoweza, akaivua na kurudi kuwa mtu wa hapa. Kofia ya kwanza ililiwa na panya, ya pili ilikwenda na mafuriko, na ya sasa ni ya tatu.

Bi. Confesora Ventura aliingia darasa hilo mwaka 2008, siku chache baada ya kuajiriwa kufua. Mitihani ya kuandika alifaulu yote. Wa kuzungumza aliujaribu mara moja, mwaka 2009. Kofia hairuhusiwi mbele ya watahini. Kulikuwa na joto, dirisha la vibao lilikuwa wazi, na wenzake walikuwa wamejipanga nje kusikiliza. Alijibu swali la kwanza na la pili kwa matamshi safi. Nje, Leocadio Peralta, yuleyule wa kikaratasi, akasema kwa sauti: "Mmarekani, tuletee taulo." Watu wakaangua kicheko. Katika swali la tatu Bi. Confesora alisema kwa Kihispania kwamba ameacha pasi inawaka, akachukua mkoba wake na kutoka. Chumba cha kufulia kilimwita Mmarekani mwaka mzima.

Baada ya hapo alijiandikisha mara nane, na mara nane hakutokea. Lakini darasani hakukosa. Mwaka 2019, Mwalimu Balbuena alipopasuliwa nyongo, ni yeye aliyelishika darasa wiki sita, kofia kichwani tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho. Wanafunzi wa kipindi hicho wanasema alikuwa mkali kuliko mwalimu mwenyewe, na kwamba hakuruhusu hata zile dakika kumi.

Aprili mwaka huu ofisi ya elimu ya mkoa ilitoa sharti: asipopatikana mwalimu mwenye cheti cha kuzungumza kufikia mwisho wa Juni, darasa la saa nane lifungwe na wanafunzi wake 26 wahamie darasa la saa kumi na mbili jioni. Bi. Marte aliwauliza mmoja mmoja. Walioweza kuja jioni walikuwa wanne. Ishirini na wawili wangebaki walipo, kwenye mashine za kufulia na masinki ya jikoni, kwa kuwa mapokezi hapokelewi mtu asiyezungumza.

Mwalimu Balbuena alisema ataongeza mwaka. Daktari wake alikuwa amemwambia vingine, kwa sababu ya shinikizo la damu. Bi. Confesora alimsimamisha ukumbini, na walimu wawili waliokuwa wakinywa kahawa walisikia.

"Mwalimu, mwaka mmoja tena?"

"Mmoja tu, mwanangu."

"Jumanne ulilala ukiandika ubaoni."

"Sikulala. Nilikuwa nafikiri."

"Ulikoroma, Mwalimu."

Bi. Confesora alijiandikisha siku hiyohiyo, kwa mara ya tisa tangu ule mtihani wa 2009.

Mtihani ulifanyika Jumanne, tarehe 17 Juni, chumba namba 4, mbele ya watahini wawili kutoka Santiago. Bi. Confesora aliingia na kofia. "Mama, kofia, tafadhali," mtahini mmoja alimwambia. Akaivua. Kisha akaenda dirishani, akafungua vibao vyote, na kuiweka kofia juu ya kizingiti, upande wa mbele wa kofia ukitazama nje. Akarudi kuketi.

Nje walikuwa watu tisa, na Leocadio Peralta alikuwa mbele. "Nilikuwa na neno tayari mdomoni," ameliambia jarida hili. "Nikaiona kofia. Nikalimeza. Miaka yote hiyo umezoea, ungefanyaje?" Wale tisa walisimama kimya kwa dakika ishirini na mbili. Mwalimu Balbuena hakuwa miongoni mwao. Alikuwa ofisi ya walimu, ameupa mlango mgongo, na kahawa yake ilipoa bila kuguswa.

Swali la mwisho lilimtaka amjibu mgeni anayedai kwamba saa yake ya mkono imeibwa chumbani. Bi. Confesora alimpa pole mgeni huyo, kisha akamuuliza kwa adabu kama amepekua mfuko wa shati alilolipeleka kufuliwa, kwa kuwa katika miaka kumi na saba ya kufua yeye mwenyewe ametoa saa za mkono kumi na moja kwenye mifuko ya mashati, na hakuna hata moja iliyokuwa imeibwa. Mtahini alicheka. Hakuwa mwanafunzi wetu, hakuijua sheria. Bi. Confesora alimtazama, akangoja amalize, akaendelea na sentensi pale alipoiachia.

Alipotoka alikwenda moja kwa moja ofisi ya walimu.

"Umeacha pasi inawaka?" Mwalimu Balbuena alimuuliza bila kugeuka.

"Leo nimeizima."

Mwalimu akanywa ile kahawa baridi yote.

Tunamshukuru Mwalimu Balbuena kwa saa nane za mchana zote alizotupa, zikiwemo zile alizozitoa akiwa na homa, na zile za miaka mitatu ambayo hakupaswa kuwa hapa. Hakuwafanya watu wapende sarufi. Aliwafanya wafungue mdomo mbele ya wenzao, na hilo ndilo lililowahamisha wengi wao kutoka chumba cha kufulia hadi mapokezi. Tunamshukuru pia Bi. Tomasina, aliyekula chakula cha mchana peke yake kwa muda wote huo.

Hafla ya kumuaga itafanyika Ijumaa, tarehe 27 Juni, saa nne asubuhi, ukumbini. Safari hii keki imeagizwa, na aliyeiagiza ni Bi. Tomasina mwenyewe. Wafanyakazi na wanafunzi wamechanga na kumnunulia zawadi aliyoichagua alipoulizwa: pazia zito la chumba cha kulala, la rangi ya kahawia, lisilopitisha mwanga. Mwalimu, ulifunge vizuri, ulale, na usiote ubao.

Darasa litaendelea Jumatatu, tarehe 7 Julai, saa nane mchana, chumba namba 4. Bi. Confesora Ventura ataita majina. Kofia itakuwa kwenye msumari wake, nyuma ya mlango. Bi. Tomasina anaomba mtu yeyote asipige simu nyumbani kwao siku hiyo kabla ya saa kumi.