Siki ya Mzee Aldo

Hind, zima hicho kiyoyozi, sauti yangu haikiwezi tena. Na wewe Shihab, kaa kitako, acha kuangalia mlango. Nisikilizeni wanangu, na nikinyamaza katikati msidhani nimemaliza.

Jana mlidhani nimelala. Nilikusikieni mkiipanga safari ya Italia, siku tatu Roma, kisha gari ya kukodi mpaka milimani, kwenye mizabibu ya mkwe wa ndugu yenu Shahad, ambako kila mavuno mzee yule huwakusanya jamaa zake mezani kuonja mvinyo mpya. Hind ukauliza, "Tutakaa meza moja na chupa? Baba akisikia, radhi zake tutazipata wapi?" Na Shihab ukamjibu, "Dada, wewe utapewa maji ya zabibu, usijitie kulewa kwa harufu." Nilitaka kucheka, kifua kikanikatalia. Halafu mkasema bora muifute safari, baba mgonjwa. Hapo ndipo nilipoogopa.

Msiifute. Nakuombeni, mie ambaye hamjapata kunisikia nikiomba.

Miaka kumi na moja nimewaambia watu kwamba Mzee Aldo, ambaye mwanawe alisilimu akamwoa Shahad, alikuja hapa mtaani kwetu Wadi Kabir akaniletea ulevi, nami nikaumwaga. Aliishika chupa kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kitoto kichanga. Nikaipokea, nikaifungua, nikaimimina yote uani, yeye kasimama ananitazama. Hata finjani moja ya kahawa sikumpa. Mgeni katoka kwangu mkavu, jambo ambalo marehemu baba yangu asingemtendea hata adui yake. Shahad, aliyemleta, akatoka naye, na hakurudi. Alikupigieni simu akasema ilikuwa siki. Nikasema anamtetea mkwewe. Mkaniamini mie.

Ilikuwa siki, wanangu.

Ilipogusa saruji ya moto harufu ikapanda, nikaijua palepale, kwani nani aliyelelewa Unguja na achari za mama yake asiijue siki? Mzee wa watu aliulizia dini yetu inaruhusu nini, akaziacha zabibu zake zigeuke siki kwa ajili yangu, kitoweo alichokisifu Mtume, na mie nilijua nikaendelea kumimina, maana jirani wanachungulia juu ya ukuta na mkono wangu uliona haya kusimama. Nusu ya kwanza ya chupa ile ilikuwa kosa. Nusu ya pili ilikuwa uwongo, na uwongo huo nikamvika mwanangu.

Sikuhalalishieni kitu. Mvinyo ni haramu, msiutie kinywani. Lakini akikuwekeeni gilasi mbele yenu, msinyanyuke. Kaeni.

Tangu Ijumaa nampigia Shahad, simu yaita mpaka yakatika. Safari ni baada ya siku kumi na mbili, na mie siku kumi na mbili sinazo. Daktari hakusema, lakini nilimwona anavyokunja karatasi zake. Nikifa kabla, nizikeni muende. Nikifa mkiwa huko, ami yenu Salem atanizika, nimeshamwambia. Msirudi njiani.

Nyumba hii na karakana yangu ya kule mtaa wa Ghala sheria ishagawa, na fungu la Shahad apewe kamili, asiambiwe kwamba amelisamehe. Katika thuluthi yangu ya wasia, ambayo mrithi hana haki nayo, dele langu la shaba, hilo birika la kahawa, namwachia Mzee Aldo. Mlibebe wenyewe, lisiingie kwenye mizigo. Mkifika, kabla hajafungua chupa yoyote, mmiminieni kahawa, finjani ya kwanza yake. Kisha Shihab, wewe mwenye sauti, simama mbele ya jamaa zake wote useme: baba kasema Shahad hakusema uwongo. Usipambe neno. Sema hivyo hivyo.

Maji, Hind... kidogo tu. Basi.

Zile radhi ulizoziogopea, mwanangu, ziko kwenye meza ile. Zifuateni huko. Mungu akukutanisheni nyote watatu, asikutengeni kwa ajili yangu tena, akupeni... akupeni watoto wasiokuogopeni.

Mwombeni Mzee Aldo tone la siki. Mkirudi mkanikuta hai, nilowesheni ulimi.

Nna usingizi. Hind, mpigie tena Shahad. Niwekee hapa sikioni... Inaita. Usiikate. Iache iite.