Mama Kola Hakuinua Mkono

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenipa mimi, mdogo wake wa kiume, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Kola.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa kwanza wa fundi seremala, akaanza shule mwaka 1979, na akiwa darasa la tatu homa ya uti wa mgongo ikamwachia uziwi, naye akajifunza kusoma midomo ya watu, akikaa dawati la mbele hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1985.

Tarehe 2 Mei 1990 aliajiriwa kiwanda cha nguo, meza ya kola, na miaka minane baadaye akaniombea kazi ya stoo hapohapo. Kelele za mashine zilitufanya sote viziwi isipokuwa yeye, aliyenasa umbea kutoka upande wa pili wa ukumbi, hata waliomsengenya wakajifunza kumpa mgongo. Mwaka 1995 aliolewa na fundi bomba, sasa marehemu, wakajaliwa binti mmoja, huyu aliyeketi mbele.

Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020, kiwanda kiliacha mashati kikashona barakoa, na dada alishona nyingi kuliko yeyote, mpaka midomo yote aliyozoea kuisoma ikafunikwa. Tarehe 6 Julai msimamizi, akiwa na barakoa yake, alitangaza kwamba watabaki arobaini tu, wale watakaowahi kuinua mkono, na dada akaendelea kushona. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, mkono wangu juu, nikamwona, nisimguse bega, kwa kuogopa kibarua changu kisije kikaota nyasi.

Alizunguka viwanda vinne, kila getini akakutana na midomo iliyofunikwa, mwishowe akajifungia chumbani, pazia chini, na kila Jumapili aliniuliza kwa nini yeye aliachwa, nami nikamjibu bila kuvua barakoa.

Shinikizo la damu lilimwanza Februari 2021, akalazwa tarehe 9 Agosti, akafariki tarehe 12, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi aliyekuwa akimwandikia maneno kwenye karatasi, majirani waliompikia, na wafanyakazi wenzake, waliobaki na walioachwa. Mpwa wangu, haya unayasikia leo kwa mara ya kwanza, na ukitaka nisimame mbali na kaburi la mama yako, nitasimama mbali.

Dada, pumzika kwa amani.