Basi Lililoinama Kushoto

"Mama, kuinama huku ni pampu ya hewa imechoka," dereva Munyi alisema bila kugeuka. "Tukifika Embu watabadilisha."

"Umeichosha wewe," akajibu Cicily, aliyeketi nyuma yake na mtungi wa sabuni ya maji ya kuuza. "Asubuhi pale Meru basi lilikuwa limelalia kushoto, likainuka ulipowasha injini. Mfuko wa hewa wa nyuma, ule wa mpira unaolibeba, unavuja. Utashuka nalo kona za Thuci?"

"Kwani wewe ni fundi?"

"Niliolewa na fundi wa malori. Miaka kumi na minane nimemshikia tochi."

Mimi, abiria wa kiti cha pili niliyempakata mtoto, nina diploma, lakini sikujua kwamba basi hukalia hewa.

"Na utajuaje unapovujia?" Munyi akauliza.

"Kama tyubu ya baiskeli. Simama."

Munyi alisimama Kanyakine ili amwaibishe, akaacha injini ikinguruma. Cicily alishuka, akaumwagia ule mfuko sabuni yake. Povu likafura kwenye ufa wa mpira kama uji unaochemka.

"Haya, badilisha hiyo pampu yako," Cicily akamwambia.

"Pampu pia imechoka," Munyi akasema, akazima injini. "Shukeni wote."

Mimi nilikuwa nimeshamteremsha mtoto wangu.