Kwa Bwana D.O. Aliyetufungia Mto

Mheshimiwa mwakilishi wa Mkuu wa Wilaya. Bwana D.O., afisa wa tarafa yetu, ambaye leo tunamuaga. Bwana Chifu Mahat. Daktari Abdifatah wa zahanati yetu. Sheikh na wazee wa Malka Qurac. Ndugu askari wa kizuizi, mliopewa viti vya mbele kwa sababu mnazozijua wenyewe. Walimu wenzangu, akina mama, na ninyi vijana mliofuata harufu ya pilau mkajikuta kwenye hotuba: Assalaam aleikum.

Mimi ni Mwalimu Hamda, nafundisha Kiswahili katika shule yetu ya msingi. Wazee wamenituma niseme kwa niaba ya wenyeji kwa sababu walihofia kwamba wakisema wao, kwa Kisomali, Bwana D.O. atashukuriwa bila kujua kwamba ameshukuriwa.

Bwana D.O., tumesikia habari njema. Umepandishwa cheo. Unakwenda makao makuu ya mkoa, Garissa, kukaa kwenye kamati itakayoelekeza wilaya nyingine namna ya kuzuia magonjwa ya mlipuko. Hongera sana. Ni nani anayestahili kuliko wewe? Kipindupindu kilipotuingia baada ya yale mafuriko, wewe hukubagua njia: ulifunga mpaka, ukawafungia watu majumbani, ukawatenga wagonjwa. Basi kamati ikikuuliza ipi ilifaa, itakuwa vibaya ujibu peke yako ilhali sisi ndio tuliofungwa. Nimekuja kukusaidia jibu.

Ila kwanza nitaje ombi langu, nisije nikakatizwa kabla sijalifikia. Kipindupindu kimekwisha. Daktari amethibitisha, Sheikh ameshasoma dua ya shukrani, hata wewe ulisema hivyo kwa kinywa chako. Lakini kivuko cha mpakani bado kimefungwa, na mama yangu mzazi, Maka, mkaazi wa mji huu mwenye kitambulisho cha Kenya, yuko ng'ambo ile ya mto. Alivuka kwenda kumtazama mdogo wangu Samsam, aliyekuwa na mimba kubwa, na kamba ya kizuizi ikafungwa nyuma yake. Naomba umfungulie arudi nyumbani kabla hujaondoka kesho. Hilo tu. Sasa niendelee kukusifu.

Tuanze na mpaka, maana ndiyo kazi uliyoipenda. Ulileta kamba, ukaleta mapipa, ukaweka askari kwenye kivuko, ukasema hapiti mtu. Jamani, kamba ilikuwa imara! Tatizo dogo ni kwamba mto ni mrefu kuliko kamba. Sukari ilivushwa upande wa juu wa kivuko, tambi zikavushwa upande wa chini, na mbuzi, ambao hawakuhudhuria baraza lako, walipita popote penye kina kifupi. Na ugonjwa wenyewe ulikuwa wapi? Daktari alitueleza tangu mwanzo kwamba umo majini. Na mpaka wetu ni nini kama si mto Daua? Kwa hiyo uliufunga mpaka, Bwana D.O., nasi tukaendelea kuuchota kwa madebe na kuunywa asubuhi na jioni.

Sitaki kuwa mwizi wa fadhila. Zile siku za kwanza soko la mifugo lilikosa wageni, msongamano ukapungua, na huenda yupo mtu hapa aliyepona kwa sababu hiyo. Daktari ananiambia kwamba ukifunga mapema, kabla ugonjwa haujafika, unapata nafasi ya kujiandaa: dawa ziletwe, maji yatiwe klorini, watu wafundishwe. Nakubali kabisa. Wewe ulifunga wakati ugonjwa umeshaingia na kupewa chai, halafu ile nafasi ya kujiandaa ukaitumia kukagua kamba.

Chifu Mahat, usinikonyeze. Nimepewa dakika kumi nami nitazimaliza.

Ulipoona kamba haitoshi ukaitisha baraza. Ulikusanya mji mzima kwenye uwanja wa shule, wazee kwa watoto, bega kwa bega, ili ututangazie kwamba ni marufuku watu kukusanyika. Tulikupigia makofi. Ukaamuru mtu asionekane nje ya nyumba yake mpaka utakaposema tena, na mji ukanyamaza kimya, isipokuwa gari la miraa, ambalo ulitueleza kwamba ni huduma ya lazima.

Mzee Guleid, hebu simama wageni wakuone. Huyu adeer yetu, yaani ami yetu, anaiheshimu sana serikali. Alikuwa amepiga kambi nyuma ya zahanati, na kesho yake askari wakamkuta njiani kuelekea Rhamu na ngamia wake, mke na watoto wakifuata. Wakamfokea: "Mzee, wewe hukusikia amri?" Naye akajibu, na ninayarudia maneno yake kama alivyoyasema: "Afande, amri mimi nimesikia. Serikali imesema mtu asiache nyumba. Mimi sijaacha nyumba. Nyumba ndio hii juu ya ngamia, na mimi iko nayo tangu asubuhi." Askari wakamkagua ngamia. Miti ya nyumba, mikeka, vyungu, vyote vilikuwa mgongoni mwa ngamia kweli. Wakamwachia, maana wangemshtaki kwa kosa gani? Keti, adeer, Mungu akuweke.

Sisi tulio na nyumba zisizotembea hatukupata bahati hiyo. Kisima cha maji safi kiko mbali, na mwanamke aliyeonekana njiani na dumu alichapwa fimbo. Basi wanawake wakachota kwenye vidimbwi vya karibu, vile vilivyoingiliwa na vyoo wakati wa mafuriko. Jirani yangu Ardo alifungiwa chumba kimoja na mumewe aliyekuwa akiharisha na kutapika, na watoto humo humo. Ikawa akitoka anapigwa, akikaa anaugua. Akaugua. Mumewe akafa. Ardo yuko pale, ndiye anayepakua pilau tutakayokula sasa hivi, na nimemwomba akupakulie sahani yako kwa mkono wake, ili ukifika Garissa usisahau kuwaeleza jinsi watu walivyotulia majumbani.

Imebaki karantini, na hiyo nitaisifu kwa dhati, mnivumilie. Ulichukua darasa langu la nane, ukaweka wagonjwa ndani na kufuli mlangoni, na ufunguo ukakaa mfukoni mwako. Watu walipoiona kufuli wakaanza kuwaficha wagonjwa wao. Huyu anafunikwa mikeka, yule anapelekwa zizini kwa mbuzi, na wengine waliokuwa ndani walitokea dirishani, dripu mkononi. Ndipo ukaitwa mkutanoni Mandera. Wallahi, nauombea dua ule mkutano mpaka leo! Daktari Abdifatah alivunja kufuli. Akaruhusu kila mgonjwa awe na ndugu mmoja wa kumhudumia, akaweka sabuni na maji ya klorini mlangoni, na sisi akina mama tukapika uji kwa zamu. Kila aliyeingia aliambiwa atatoka lini. Siku mlango ulipoachwa wazi ndiyo siku watu walipokubali kukaa ndani. Waliwaleta wagonjwa wenyewe, kwa punda na kwa mikokoteni, na wengi wao waliondoka kwa miguu yao. Uliporudi ulipiga picha pale mlangoni, na nasikia hiyo picha unakwenda nayo Garissa. Umetoka vizuri sana.

Kwa hiyo, Bwana D.O., kamati ikikuuliza, jibu unalo. Kutenga wagonjwa kulitufaa, kwa kuwa aliyetengwa alilishwa, alitibiwa na alijua atatoka lini. Kufungiwa majumbani bila maji kulituua. Na mpaka, je?

Mpaka nitaueleza kwa kisa cha mdogo wangu. Samsam alishikwa na ugonjwa akiwa karibu kujifungua. Walimbeba kwa kitanda cha kamba mpaka ukingoni. Dripu zilikuwa upande huu, darasani kwangu, mtu anaona paa la shule kutoka pale walipomlaza. Hooyo, mama yetu, akaingia majini mpaka magotini, akawaita askari, akaomba mgonjwa avushwe. Akajibiwa kwamba amri ni amri. Kule juu wanakovushia mbuzi ni mwendo mrefu, na mgonjwa alikuwa anakwisha. Kuna mtu, na hapa hata mkinibana sitamtaja, aliyewapelekea pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji. Samsam akapona, alhamdulillahi. Mtoto alizaliwa amekufa. Maziko yake niliyatazama kutoka upande huu, nimesimama nyuma ya kamba yako. Bwana D.O., hapo sina mzaha. Iliniuma, na bado inaniuma.

Sasa najua mnachojiuliza. Ikiwa mbuzi wanapita, mbona mama yako hapiti? Marehemu baba yangu alikuwa askari wa utawala. Alilinda kivuko hiki hiki mpaka akastaafu. Hooyo alimletea chai hapa miaka yote ile, na hakuvuka hata siku moja bila kuomba ruhusa, kwa mume wake mwenyewe! Nimemtumia ujumbe mpaka nimechoka: hooyo, njoo na wenye mbuzi. Ananijibu: "Mimi si mbuzi. Serikali ikinifungulia, nitapita mlangoni." Macho yake yanafifia, amechoka kulala kwa watu, anataka kitanda chake, na hatatoroka. Yaani katika tarafa yako nzima, leo hii, kamba yako inamzuia mtu mmoja tu, yule anayeitii.

Juzi nilikuja ofisini kwako ukaniambia unangoja neno kutoka juu. Nikajiuliza njia nzima, je, siku ile ya kufunga ulingoja neno la nani? Hukutuonyesha karatasi, wala hatukuiomba. Ulisimama ukafunga kwa mdomo wako. Mheshimiwa mwakilishi wa Mkuu wa Wilaya amekaa hapo kando yako. Kama kuna kizuizi cha juu, yeye si ndiye aliye juu? Naona anatazama sahani. Nitachukua kwamba hana pingamizi.

Bwana D.O., geuka nyuma kidogo. Yule mwanamke mwenye shuka ya kijani, aliyekaa peke yake kwenye ukingo wa ng'ambo, ndiye mama yangu. Ametoka alfajiri kwa Samsam, kwa sababu nilimpelekea habari kwamba leo serikali itasema. Sheikh ametuazima vipaza sauti vya msikiti, na vijana wamevielekeza mtoni, kwa hiyo haya yote nimeyasema akisikia. Kiswahili chake ni kidogo. Lakini kuna neno moja la Kisomali ambalo wewe unalijua vizuri, tumekusikia miaka mitatu ukiwaitia nalo watu wa chai. *Kaalay.* Njoo. Hilo linamtosha. Askari wako wanalijua pia, nao ndio watakaofungua kamba.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Sasa ndugu zangu, tunyamaze, hata wewe Ardo acha hiyo sufuria kidogo. Bwana D.O., kipaza sauti hiki hapa. Anakusikiliza.