Jina Lisilokatwa: Kumbukumbu ya Dada Pindo

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Kama redio yako iko jikoni, punguza moto. Kama iko gereji, zima hiyo injini kidogo, haitakimbia. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyepiga gitaa la umeme mpaka madirisha ya jirani yakaomba uhamisho.

Ni Dada Pindo. Fundi cherehani, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi ya roki iitwayo Sindano, Randa, Mwiko na Spana.

Narudia kwa waliochelewa kukaa. Dada Pindo, wa bendi ya Sindano, Randa, Mwiko na Spana. Tumemzika Jumamosi iliyopita.

Mkuu wa vipindi yuko nyuma ya kioo hapa. Ananionyesha vidole kama mkasi: fupisha hilo jina. Mkuu, nakuheshimu sana, lakini mikrofoni iko upande wangu wa kioo.

Sasa, majina ya bendi za roki yana vituko vyake. Vijana wanne wenye gitaa moja la kuazima wanajiita Radi. Wengine wanajiita Volkano, na hata jiko la mafuta wanaliwasha kwa kujificha nyuma ya mlango. Enzi za Dada Pindo palikuwa na bendi iliyojiita Simba wa Chuma. Kiongozi wao alimwogopa paka wa mama mkwe wake. Jina kubwa halina gharama, ndugu zangu. Kulibeba ndiyo kazi.

Bendi ya Dada Pindo haikuwa na jina kabisa. Walikuwa wakifanya mazoezi Jumapili mchana katika karakana ya shemeji yake, fundi seremala, mume wa mdogo wake. Ngoma ikipigwa, vumbi la mbao liliruka juu na kuwashukia vichwani. Wakitoka hapo wamezeeka wote kwa mvi za mninga.

Siku ya mashindano ya kwanza walifika ukumbini wametoka kazini moja kwa moja. Mlangoni alikaa bwana wa kuandikisha.

"Bendi gani?"

Wakatazamana.

Seremala, ambaye ndiye mpiga ngoma, akasema, "Nyoka wa Umeme." Fundi magari, mpiga besi, akasema, "Tufani la Moto." Mpishi wa hoteli, mpiga kinanda, akajitutumua: "Andika Wafalme."

"Wafalme wa wapi?" Dada Pindo akamgeukia. "Si umetoka kusugua masufuria sasa hivi? Mfalme gani ana masizi puani?"

Kisha akachomoa sindano iliyokuwa imechomekwa kwenye kola ya blauzi yake, akaiweka mezani. "Kila mtu aweke alichotoka nacho kazini. Hicho ndicho tulicho."

Fundi magari akatoa spana mfuko wa nyuma. Seremala akaweka randa yake ndogo ya kulainishia mbao. Mpishi akachomoa mwiko kiunoni, maana jikoni kwao ukiacha mwiko, unaukuta kesho una mwenyewe mwingine.

Yule bwana akatazama meza. "Hii ni bendi au mnahama nyumba?"

"Andika," akasema Dada Pindo. "Na usiruke hata kimoja."

Hivyo ndivyo jina lilivyozaliwa, wasikilizaji wapendwa. Na tangu siku ile wale watatu wakaitwa hivyo hivyo na watu wote: Randa, Mwiko, Spana. Yeye jina la Pindo lilikwisha kumganda, kwa kuwa hakuweza kuongea na mtu bila kuutazama upindo wa nguo yake na kuukosoa.

Waliburuta mkia siku hiyo. Wakirudi nyumbani, wamebeba vyombo mabegani, Dada Pindo akatoa kanuni. Mdogo wake anaikumbuka neno kwa neno, kwa sababu yeye ndiye aliyebeba nyaya.

"Alisema hivi dada'ngu: 'Anayeondoka kwa miguu yake, anaondoka na neno lake. Anayeangushwa, neno lake linabaki.' Nikamwambia, sasa nyie mmeshika mkia, kanuni za nini? Akanijibu, 'Mkia nao una mwenyewe.'"

Wiki iliyofuata akakata turubai jeusi, akalitarizia maneno manne kwa uzi mwekundu mnene. Likawa linatundikwa nyuma ya ngoma kila walipopiga. Yashike hayo mawili, msikilizaji: kanuni, na turubai.

Bendi ikakua. Watu wakaanza kuja wenyewe, bila kuvutwa mashati. Mwenye studio mmoja akatuma salamu kwamba anawataka. Kabla hawajakaa naye, msumeno wa umeme ukachukua vidole vitatu vya mkono wa kushoto wa Randa.

Mkono wa mpiga ngoma. Mkono wa seremala.

Dada Pindo alimkuta kitandani amegeukia ukuta. Hakumpa pole. Alimwambia, "Shemeji, geuka, mgongo wako nimeshauona." Randa akageuka, akainua kile kifurushi cha bandeji. "Methali inasema kidole kimoja hakivunji chawa," akasema. "Mimi nimebakiwa na viwili. Chawa wajihadhari." Wakacheka mpaka muuguzi akaja kuwafukuza. Kisha wakalia, na muuguzi akaondoka taratibu.

Mwenye studio hakungoja. Aliwaita, wakakaa kwenye viti vya ngozi vinavyolia ukijigeuza. Picha za wanamuziki ukutani, feni inazunguka. Akasema jina ni refu. Watangazaji watang'ata ndimi. "Na huyo wa randa hapigi tena. Nitawaletea mpiga ngoma mwenye mikono kamili. Toa Randa. Kwa kweli toa wote, liwe Sindano tu, na picha yako, Dada, ukubwa wa mlango."

"Randa hajaondoka," akasema Dada Pindo.

"Ni shemeji yako, naelewa. Lakini biashara..."

"Angekuwa jirani ningesema hivyo hivyo. Ameangushwa. Aliyeangushwa neno lake linabaki."

"Dada, utakula jeuri?"

"Nimeshonea watu nguo zao kwa miaka. Nimeona wanene wakitaka gauni libane na wembamba wakitaka lijae. Sijawahi kumkata mtu ili aenee kwenye nguo."

Akasimama, kiti kikalia. Spana akasimama. Randa, aliyekuwa amekaa mkono kifuani, akasimama mwisho. Mwiko akabaki ameketi.

Mwiko alikuwa na watoto watatu na kodi ya nyumba. Tusimcheke, wasikilizaji wapendwa; tumbo nalo lina hotuba zake. Mwenye studio aliwachukua Simba wa Chuma badala yao, na Mwiko akaenda kuwapigia kinanda. Aliondoka kwa miguu yake.

Jioni ile Dada Pindo aliweka turubai magotini, akashika wembe, akafumua neno la Mwiko uzi baada ya uzi. Mdogo wake alikuwa karibu. "Hakumtukana hata mara moja. Alifumua polepole kama mtu anayemvua mtoto nguo. Nikamwambia, si ukate turubai jipya? Akasema, 'Matundu yake yabaki. Hapa palikuwa na mtu.'"

Miaka ikawa migumu. Dada Pindo alishona sare za shule mpaka akaota kola. Simba wa Chuma walisikika kila mahali, na wapita njia wakamrushia vijembe dukani: "Fundi, ile jeuri ilikuwa mita ngapi?" Naye anajibu bila kuinua kichwa, "Ya kukutosha wewe haipo, una tumbo."

Wakati huohuo alikuwa akishona kitu kingine. Mkanda wa ngozi wa kuufunga mkono wa Randa, wenye ala ya kushikia fimbo ya ngoma. Wa kwanza ulifyatuka, fimbo ikampata Spana kipajini. Wa pili, Spana tena. Wa tatu ulipoletwa, Spana alikuja amevaa kofia ya pikipiki. Huo wa tatu ukashika.

Wakarekodi wenyewe, katika karakana, kwa mashine ndogo na vumbi lote la mbao. Kaseti ikafika hapa redioni. Ikapigwa! Lakini mtangazaji wa siku hizo akatangaza: "Huyo alikuwa Sindano na wenzake."

Kesho yake asubuhi Dada Pindo alikuwa mapokezi, futikamba shingoni.

"Ni wewe uliyesema 'na wenzake'?"

"Ndiyo, Dada, jina ni refu kidogo..."

"Mama yako akiulizwa watoto wake, husema ni kaka yako na wenzake?"

Mtangazaji yule amestaafu, anatusikiliza. Shikamoo, mzee. Aliniambia hakufupisha tena jina la mtu mpaka anaacha kazi.

Simba wa Chuma walivunjika kwa kugombania nani simba na nani chuma. Mwiko akatokea mlangoni kwa Dada Pindo, kofia mkononi. Mashine ilikuwa inakwenda. Haikusimama.

"Suruali imekuchakaa upindo," akasema Dada Pindo.

"Najua."

"Umekuja kushonewa au umekuja kuomba?"

"Vyote," Mwiko akasema.

Dada Pindo akalitoa turubai, akatunga uzi mwekundu, akamtarizia neno lake palepale, katika matundu yaleyale, tundu kwa tundu. Mwiko alisimama muda wote. Hakukaribishwa kiti. Akaribishwe kwani mgeni?

Wakawa wanne tena, na wakapiga hivyo mpaka mwezi huu. Moyo ulimwangusha Dada Pindo mchana, dukani kwake, mguu juu ya kanyagio la cherehani.

Siku ya mazishi watu walijaa karakana, turubai limetandikwa juu ya benchi la kurandia mbao. Mwiko akalisogelea, macho mekundu, wembe mkononi.

"Kanuni ni kanuni," akasema. "Mimi nilifumuliwa, na nilistahili. Ameondoka. Lazima tumfumue Sindano. Yeye mwenyewe angetaka. Angenicheka kama ningeogopa."

Mdogo wa marehemu akafunika uso kwa upande wa kanga yake.

Randa ndiye aliyenyanyuka. Akauweka mkono wake wa vidole viwili juu ya neno la kwanza.

"Shika adabu, Mwiko. Wewe uliondoka kwa miguu yako. Huyu hakuondoka kwa miguu yake." Akaonyesha jeneza mlangoni. "Huyu tunambeba. Weka wembe chini, shika upande ule."

Mwiko akaweka wembe. Wakambeba.

Wasikilizaji wapendwa, kwa mdogo wake Dada Pindo tunasema pole, mama. Pole shemeji Randa. Pole Spana. Pole Mwiko, umerudi na umebeba. Familia nzima, machozi yenu tunayo nasi huku.

Nawe uliyepunguza moto jikoni, kabla hujauongeza, mtafakari mtu mmoja. Yule aliyeanguka kazini, au aliyelazwa, au aliyekatika mkono, na sasa ukihesabu wenzako unamruka kwa kuwa orodha ni ndefu. Mtaje kesho. Mtaje kwa jina lake, mbele ya watu, hata wakikunja uso.

Mkuu wa vipindi ananionyesha mkasi tena. Mkuu, huo mkasi ufunge, fundi wake tumemzika bila kuutumia.

Wanaopiga sasa ni Sindano, Randa, Mwiko na Spana. Wote wanne.